Mtoto Aliyeambiwa Asipige

Jumamosi moja ya Mei mwaka juzi, katika kiwanja cha kitongoji kilicho nje kidogo ya Columbus, Ohio, timu ya mwanangu ilishinda pointi 11 kwa 4. Ni ligi ya besiboli ya watoto wa miaka tisa na kumi. Wazazi tulishangilia mpaka sauti zikakauka, watoto wakakimbilia kreti la juisi, kocha akapeana mikono na kila mtu. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa naandika mchezo, mpira mmoja mmoja, katika kijidaftari chenye visanduku. Usiku nyumba ilipotulia nikakifungua, nikahesabu kitu kimoja tu: kati ya zile pointi 11, ngapi zililetwa na mtoto wetu kupiga mpira? Zilikuwa mbili. Tisa zilipatikana gongo likiwa begani.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, maelezo ni mafupi, na aliyecheza raunda shule ya msingi kule Kenya atauelewa haraka zaidi. Mrushaji anatupa mpira. Mpigaji amesimama na gongo. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, usoni kavaa kinyago cha chuma. Mpira ukipita pale panapotakiwa na mpigaji asiupige, ni straiki. Straiki tatu, anatoka. Mipira minne ikipotea nje ya eneo lake, anapewa bure besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, anaiendea kwa miguu yake bila haraka. Akishakuwa kwenye besi anaweza "kuiba" inayofuata: anatimua mbio, na mdakaji inabidi ainuke, aurushe mpira mpaka besi ya pili kabla hajafika. Akizizunguka zote na kurudi nyumbani, pale alipoanzia, ni pointi.

Kocha wetu alikuwa na ishara. Akigusa ukingo wa kofia yake, mpigaji asipige mpira unaofuata, hata uje mnono namna gani. Siku ile aligusa kofia karibu kwa kila mtoto, karibu kila mpira, hasa kwa wale wasio na nguvu. Watoto walikuwa wanamtazama yeye, mrushaji hawamtazami kabisa.

Nataka tuelewane kwamba kocha huyu hakuwa amekosea hesabu. Alikuwa sahihi, na hapo ndipo palipo na tatizo lote ninaloandikia makala hii.

Chukua mrushaji wa miaka tisa ambaye, katika kila mipira 100, 40 inapita panapotakiwa na 60 inapotea. Mpigaji aliyesimama kama nguzo, asiyeinua gongo hata mara moja, atapewa besi ya bure mara 54 katika kila mara 100 anazosimama pale. Yeyote anaweza kuipiga hesabu hiyo kwa kalamu: ni uwezekano wa mipira minne mibaya kutangulia mitatu mizuri. Sasa linganisha. Ted Williams wa Boston Red Sox ndiye mwenye rekodi ya ligi kuu za Marekani ya kufika besi katika maisha yote ya uchezaji, na rekodi yenyewe ni 0.482, yaani mara 48 katika 100. Mtoto wa darasa la tatu asiyefanya chochote anampita Ted Williams. Kocha gani atamwambia mtoto huyo apige?

Lakini rudia hesabu hiyo ukiwa na mrushaji aliyeimarika kidogo tu, anayepitisha mipira 50 katika 100. Zile mara 54 zinaporomoka hadi 34. Maana yake mbinu nzima inategemea mtoto wa upande wa pili aendelee kuwa dhaifu. Timu yetu haikushinda kwa kitu ilichokijua. Ilishinda kwa kitu ambacho mtoto wa watu alikuwa bado hajakijua, tena kwa sababu ana miaka tisa.

Kuiba besi ni hivyo hivyo. Katika kiwanja cha watoto, kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 60, mita 18 na ushei. Kutoka kwa mdakaji hadi besi ya pili ni karibu mita 26. Mtoto wa miaka tisa, mwenye kinyago, kifuani ngao, miguuni magamba ya plastiki yaliyomzidi kimo, anatakiwa kuudaka mpira ambao nusu ya nyakati unagonga chini kwanza, ainuke, ageuke, aurushe mita 26 ufike kabla ya mkimbiaji. Hawezi. Wachache wanaweza, na hao ni wale waliokwisha kuota mabega. Kwa hiyo kila besi ya bure inakuwa besi mbili, halafu tatu, halafu mpira mmoja unamponyoka mdakaji unaviringika hadi kwenye wavu, na mkimbiaji anaingia nyumbani. Pointi imepatikana. Hakuna aliyepiga, hakuna aliyedaka, na kati ya watoto tisa waliosimama uwanjani saba hawakuwa na kazi yoyote.

Mdakaji wa wale tuliowafunga 11 nilimwona kwa karibu, maana meza yangu ya kuandikia ilikuwa nyuma yake, mita tatu tu. Katika duru ya nne (duru ni zamu ya kila timu kupiga mpaka wapigaji wake watatu watolewe), baada ya mkimbiaji wetu wa tano au wa sita kuiba besi ya pili, alirusha mpira ukadunda mara mbili ukapita pembeni. Akasukuma kinyago juu ya kichwa, akajifuta jasho kwa mkono wenye glavu, akamtazama mrushaji wake. Hawakusemezana. Upande wetu ulikuwa unapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Wapenzi wa soka mtasema hayo tunayajua, ni sawa na kupaki basi. Sivyo. Timu ya vijana inayopaki basi inajifunza angalau kujipanga, kufunika nafasi, kuvumilia. Kuna ujuzi ndani yake, na ujuzi huo utamfaa kijana akiwa na miaka 20. Mbinu za besiboli ninazozisema zina tarehe ya kuisha. Mtoto akivuka miaka 12 uwanja unapanuka: mrushaji anasogea kutoka futi 46 hadi futi 60 na inchi sita, besi zinaachana kwa futi 90. Warushaji waliobaki ni wale wanaojua kupitisha mpira. Wadakaji waliobaki wana mikono. Besi za bure zinakauka kama kisima cha Januari. Ndipo kijana aliyesubiri kwa miaka mitatu anapokutana na mpira wenye kasi akiwa hajawahi kufundishwa kuupiga, na kila mtu uwanjani anaiona aibu yake. Wengi waliocheza na mwanangu mkubwa waliacha mchezo katika umri huo huo. Hawakufukuzwa. Waliona tu kwamba hawajui.

Kuna mtoto mwingine inabidi nimzungumzie, maana huyo ndiye anayeniuma zaidi. Ni yule anayewekwa pembe ya kulia, mbali na mpigaji.

Shirika la Little League, linalosimamia besiboli ya watoto, lina kanuni ya lazima: katika mchezo wa msimu wa kawaida kila mtoto acheze uwanjani angalau mpaka wapinzani sita watolewe, na asimame kupiga angalau mara moja. Kanuni hiyo ni nzuri, iliwekwa kwa nia njema. Lakini mchezo una duru sita, na wapinzani sita ni duru mbili. Kiwango cha chini kabisa ni theluthi ya mchezo. Mahali pengi ligi zimeongeza kanuni zao juu ya hiyo, zikataka watoto wote wapange foleni moja ya kupiga, na hilo linasaidia. Kwetu mwaka ule kiwango cha chini kiligeuka kuwa dari. Watoto watatu dhaifu walicheza duru mbili mbili, pembe ya kulia ambako mpira hauji, wakapiga mara moja, wakarudi benchi.

Mmoja wa hao watatu ni mtoto wa jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, mtu mpole aliyefika Ohio miaka michache iliyopita na ambaye besiboli aliijua kupitia mwanawe. Alikuwa amemnunulia gongo jipya, jekundu, na si kwa bei ndogo. Mtoto akasimama mara yake moja. Kofia ikaguswa. Mpira wa kwanza, kofia. Wa pili, kofia. Akapewa besi ya bure, tukamshangilia, akatembea. Baba yake akanigeukia, sauti ya chini, kwa heshima ile ya watu wa kwao: "Kaka, huyu mtoto nimemnunulia gongo. Sasa mbona anakatazwa kupiga?"

Nilimweleza ile hesabu ya 54. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema ameelewa. Nilijua hakuona kama nimemjibu.

Si haki kumfanya kocha kuwa mbaya wa hadithi. Ni fundi wa mitambo ya joto na baridi, anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatoka kazini mapema siku mbili kwa wiki bila malipo, ananunua mipira kwa fedha yake. Nimekaa naye. Anawapenda watoto wale. Ila kila Jumapili kuna jedwali linalotumwa kwa wazazi wote, na anayeongoza jedwali ndiye anayeachiwa kuchagua kikosi cha mashindano ya kiangazi. Akiamua peke yake kuwaruhusu watoto wake wapige, watatolewa mara nyingi, maana kupiga mpira ni kazi ngumu na kujifunza ni kukosea. Timu ya jirani itasubiri, itatembea, itaiba, itamfunga. Mwezi ukiisha wazazi watauliza kuna nini. Amekuwa mwalimu mzuri na kocha aliyeshindwa, kwa msimu mmoja.

Ndiyo maana sina imani na mahubiri. Kila Machi ligi inatuita tukae kwenye viti vya kukunja, tunaambiwa lengo ni kumjenga mtoto, ni furaha, matokeo si kitu. Tunaitikia. Halafu Aprili inaanza, sheria ni zile zile, na sheria zinafundisha kwa sauti kubwa kuliko mwenyekiti. Kocha anasoma sheria jinsi mfanyabiashara anavyosoma bei. Ukitaka afundishe, fanya kufundisha kuwe ndiyo njia ya kushinda.

Hili si wazo jipya. Ndilo lililoanzisha besiboli ya watoto yenyewe. Mwaka 1939, mjini Williamsport, Pennsylvania, Carl Stotz alianzisha Little League kwa timu tatu. Aliona watoto wakicheza kwenye viwanja vya wakubwa, mrushaji mdogo hafikishi mpira, mdakaji hafikishi, mchezo haunogi. Hakuwaambia wajikaze. Alichukua wapwa zake na watoto wa jirani, akajaribu vipimo uwanjani, akazisogeza besi na mrushaji karibu mpaka mchezo ukamtosha mtoto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubadilisha sheria zimfae anayecheza. Mashindano makubwa yalianza 1947, na kadiri yalivyokua ndivyo Stotz alivyozidi kutoelewana na waliokuwa wameishika taasisi. Katikati ya miaka ya 1950 walitengana kabisa, akiona biashara na mashindano ya kitaifa yanaimeza ligi ya mtaani aliyoikusudia.

Yaliyofuata mengi mnayafahamu au mnaweza kuyakisia. Fainali za Agosti huoneshwa kwenye televisheni nchi nzima. Mwaka 2001 mrushaji wa timu ya Bronx, Danny Almonte, aliwashangaza watu wote kwa ukali wake, kisha ikabainika alikuwa na miaka 14 katika mashindano ya miaka 12, na matokeo ya timu yake yakafutwa. Sisi tuliokulia kwenye michezo ya shule Tanzania hatukuhitaji kuelezwa, vijeba tunawajua. Mwaka 2014 Jackie Robinson West ya Chicago ilichukua ubingwa wa Marekani, na Februari iliyofuata ikavuliwa kwa sababu watu wazima walikuwa wameingiza wachezaji wa nje ya mipaka ya eneo lao. Watoto hawakufanya lolote. Walicheza tu, wakashangiliwa, wakaja kuambiwa hawakushinda.

Niache hayo, maana ni ya kashfa, na ugonjwa ninaousema mimi haumo kwenye kashfa. Umo katika mambo yaliyo halali kabisa.

Mfano unaonipa matumaini ni wa mwaka 2007. Kabla ya hapo ligi ilihesabu duru alizorusha mtoto. Lakini duru moja inaweza kuwa na mipira kumi na inaweza kuwa na mipira 40, na kiwiko hakijui duru, kinajua mipira. Timu zilizokuwa na mtoto mmoja mwenye mkono mkali zilimtumia huyo, zikamtumia tena, zikamtumia Jumamosi asubuhi na Jumapili jioni. Upasuaji wa kano ya kiwiko ambao daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John mwaka 1974, mtu mzima mwenye kazi ya kulipwa, ukaanza kufanyiwa vijana wa sekondari. Watafiti wa Birmingham, Alabama, waliowafuatilia warushaji wadogo kwa miaka kumi, walikuta kwamba anayerusha zaidi ya duru 100 kwa mwaka ana uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kuumia vibaya.

Makocha waliambiwa kwa miaka mingi wawe waangalifu, na wengi walikubali kwa moyo mmoja. Mambo yalibadilika ilipokuja hesabu. Tangu 2007 Little League inahesabu kila mpira: wa miaka tisa na kumi hawaruhusiwi kupita mipira 75 kwa siku, wa 11 na 12 hawapiti 85, na aliyerusha 66 au zaidi anapumzika siku nne. Kilichonivutia katika kanuni hii ni tokeo lake la pili, lile ambalo sidhani kama wengi walilitazamia. Kocha mwenye mkono mmoja mkali alianza kushindwa, maana mkono huo ukifika kikomo hana mwingine. Kocha mwenye warushaji watano wa wastani akaanza kushinda. Ghafla yule mtoto wa nne na wa tano, ambao hakuna aliyewahi kuwapa mpira, wakawa na thamani. Wakafundishwa. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya kiwiko iliwapa watoto wengine mwalimu.

Na waliofaidika ni watu mahususi. Ukiachia mbinu itawale, mpira hupewa mtoto mkubwa wa mwili, na mara nyingi mkubwa wa mwili ni aliyezaliwa mapema katika mwaka wa ligi. Kwa miaka mingi mwaka huo ulianzia Agosti, na ukitazama Wamarekani waliofika ligi kuu, waliozaliwa Agosti ni wengi kuliko waliozaliwa Julai. Tofauti ya wiki chache za kuzaliwa imekuwa tofauti ya nani alipewa nafasi ya kujifunza akiwa na miaka tisa. Mwanangu mdogo ni wa Julai, kwa hiyo mnisamehe nikilisema hili kwa uchungu.

Pingamizi najua litakuja, na lina uzito. Watoto wanapenda kushindana. Ukificha ubao wa matokeo watahesabu vidoleni. Nakubali, tena nakubali kwa furaha. Mwanangu akifungwa hali chakula. Sitaki ligi isiyo na mshindi. Mchezo usio na mshindi mtoto anaunusa haraka kwamba ni somo lililovishwa jezi. Na kuchagua mpira wa kupiga ni ujuzi halisi. Ted Williams mwenyewe sifa yake kubwa ilikuwa hiyo, kutopiga mpira usiomfaa. Lakini alichagua kwa macho yake. Mtoto wa kofia hachagui, anachaguliwa. Jicho lake halijafanya kazi yoyote, na mwisho wa msimu halijui zaidi ya lilivyojua mwanzo.

Wengine husema waache waibe, mdakaji atajifunza kwa kuibiwa. Ningekubali kama angekuwa na njia. Mtu hujifunza kwa kushindwa pale ambapo jitihada ya leo inaweza kuleta ushindi wa kesho. Mtoto ambaye mkono wake utaweza mita 26 akiwa na miaka 12 hawezi kuufanya uweze Jumamosi ijayo. Anachojifunza kwa kuibiwa mara 14 ni kwamba udakaji haumfai.

Kuna sababu nyingine ya kuliandika jambo hili kwa Kiswahili. Besiboli inaingia kwetu. Uganda ndiyo iliyotangulia: mwaka 2011 vijana wa Kampala walishinda kanda yao, wakanyimwa viza, mwaka uliofuata vijana wa Lugazi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za Little League huko Williamsport, na wakaifunga timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Nilikuwa nimehamia Marekani siku hizo, na nakumbuka nilivyosimama mbele ya televisheni kwa mchezo ambao nilikuwa siuelewi nusu yake. Watakaoanzisha ligi za watoto Afrika Mashariki wana bahati ambayo wa hapa hawana, ya kuandika kanuni zao kabla mazoea hayajaota mizizi. Na hata kama besiboli haitafika mtaani kwako, hesabu hii ihamishie kwenye soka ya watoto chini ya miaka 12, kwenye kiwanja cha wakubwa, kijeba mmoja mbele na mipira mirefu inayomfuata huko. Ushindi unapatikana. Kiungo hagusi mpira.

Kwetu hapa, majira ya baridi yaliyopita, wazazi wachache tulipeleka mapendekezo matatu kwenye kikao cha ligi. La kwanza: katika umri wa miaka tisa na kumi besi ya bure ifutwe; mipira minne ikipotea, kocha wa mpigaji aingie arushe mwenyewe, mpaka mipira mitatu, na straiki zilizokwisha kuhesabiwa zibaki. La pili: mkimbiaji aibe besi moja tu kwa duru, na asiingie nyumbani kwa mpira uliomponyoka mdakaji. La tatu: kila mtoto acheze angalau duru mbili katika nafasi za ndani, karibu na mrushaji, kila mchezo.

Kikao kilichukua karibu saa tatu. La kwanza lilipita. La pili lilipita kwa kura chache. La tatu lilikataliwa, na hoja iliyoliangusha ilikuwa ya usalama: kwamba mtoto asiyejua kudaka akiwekwa besi ya kwanza atapigwa na mpira usoni. Hoja hiyo siidharau. Lakini inakiri kwamba tumekuwa na watoto kwenye ligi kwa miaka miwili na hatujawafundisha kudaka. Mwaka huu nitalirudisha, likiwa na mazoezi yake.

Kocha wetu ni yule yule. Alipiga kura ya kukataa la kwanza, akaniambia waziwazi kwamba tunaharibu mchezo. Wiki ya tatu ya msimu nilimkuta Jumanne jioni ameleta vigingi viwili vya mpira, vile vinavyosimamishwa mbele ya mtoto ajifunze kupiga, na wavu aliouunganisha mwenyewe kwa mabomba ya kazini kwake. Alikuwa amempigia magoti mtoto wa jirani yangu, anamsogeza nyonga kwa mikono miwili, anamwonesha wapi uzito uanzie. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu mpya. Kusubiri hakulipi tena, kwa hiyo lile gongo jekundu lazima lifundishwe. Na mwanaume yule, niseme haki yake, ni mwalimu hodari. Tulikuwa naye miaka miwili hatujui.

Timu ilimaliza katikati ya jedwali. Michezo yetu ilichelewa kwisha, na kuna wazazi wawili walilalamika kwa barua. Kijidaftari changu kina safu ya mipira iliyokwenda pembe ya kulia, safu ambayo mwaka ule wa pointi 11 ilikuwa tupu kurasa kwa kurasa. Jumamosi ya pili ya Juni iliandikwa mipira saba. Mitano ilianguka majanini, watoto wakaikimbilia wakigongana. Miwili ilidakwa.